Je, Mchagua Jembe Si Mkulima?

Mwaka juzi nilimfufua mtu bila kukusudia. Katika riwaya niliyokuwa naihariri, babu anafariki alfajiri kwenye sura ya kumi na nne. Anaoshwa, anasaliwa, anazikwa. Aya chache baadaye watu wanarudi kutoka makaburini, na babu yule yule amekaa barazani, anauliza kama chai iko tayari.

Mwandishi alikuwa amehamisha kipande cha sura nyingine akakileta pale. Kazi yangu mimi mhariri ilikuwa kuona kwamba mshono haujakaa sawa. Sikuuona. Kitabu kikaenda mtamboni, nakala 300, kwa fedha za mwandishi mwenyewe, mwalimu mstaafu aliyechota kwenye kiinua mgongo chake.

Alinipigia simu jioni. Hakufoka, na nadhani angefoka ningepata nafuu. Alisema tu, "Mwanangu, babu amefufuka ukurasa wa 187." Nikatafuta neno la kujibu, na la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa hili: "Mama, kioo cha laptopu yangu ni kifupi mno. Naona nusu ukurasa tu kwa wakati mmoja. Kifo kilikuwa juu, chai ilikuwa chini."

Kimya kikapita. Kisha akasema, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Akaniaga vizuri, akakata simu.

Nimeishi na methali hiyo tangu siku ile, na nisikufiche msomaji, inanisumbua kwa sababu mbili zinazogombana. Ya kwanza, mama yule alisema kweli: nilikuwa nasingizia. Ya pili, na mimi nilisema kweli: kioo kilikuwa kifupi. Je, jambo moja linaweza kuwa kisingizio na ukweli kwa wakati mmoja? Na kama linaweza, mtu aliyepewa chombo kisichomfaa akakosea, kosa ni la nani?

Najua hapa tumezoea kuzungumza riwaya na ushairi, siyo bei za kompyuta. Lakini karibu kila kitu tunachosoma na kuandika siku hizi kinapita kwenye kioo cha mtu fulani, na kioo kina umbo, na umbo hilo kuna aliyeliamua. Hebu tulitazame.

Kompyuta mpakato niliyokuwa nayo ilikuwa ya inchi 15.6, na kioo chake kilikuwa na pikseli 1366 kwenda upana na 768 kwenda juu. Hiyo ndiyo mashine ya watu wengi, kila mtu ameigusa. Toa utepe wa chini wenye saa, toa menyu za juu za programu ya kuandikia, toa rula na vitufe. Kinachobaki kwa ajili ya maneno ni kijidirisha. Kwa herufi ninazoweza kusoma bila kuumiza macho, nilikuwa naona mistari kumi na saba au kumi na minane. Pembeni, kushoto na kulia, uwanja mweupe mtupu. Ukurasa wa kitabu umesimama, kioo kimelala.

Sasa angalia hiyo namba 768. Miaka ya 1990 vioo vingi vya kompyuta vilikuwa na umbo la 4 kwa 3, karibu na mraba, na kipimo kimoja kilichoenea sana kilikuwa pikseli 1024 kwa 768. Yaani kutoka kioo kile cha zamani hadi mpakato wangu, upana umeongezeka kwa pikseli 342, na urefu wa kwenda juu haujaongezeka hata pikseli moja. Msomaji hakuongezewa hata mstari. Nafasi yote iliyoongezwa ilikwenda pembeni.

Kwa nini? Hapa kuna hadithi mbili, na ya kwanza ni ya biashara. Vioo vya kompyuta hukatwa kutoka kwenye bamba kubwa la kioo, kama fundi anavyokata vipande vya nguo kutoka kwenye jora, na huuzwa kwa kipimo cha kona kwa kona. Chukua kioo cha inchi 15 chenye umbo la 4 kwa 3: kina upana wa inchi 12 na kimo cha inchi 9, jumla inchi za mraba 108. Chukua kingine, inchi 15 vilevile, umbo la 16 kwa 9: eneo lake ni kama inchi za mraba 96. Lebo ni ile ile, "inchi 15", lakini zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kioo imetoweka. Fikiria muuza kanga anayekupimia kitambaa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, halafu mwaka unaofuata anakuuzia kirefu zaidi na chembamba zaidi, na futi yake haijadanganya hata kidogo.

Mabadiliko hayo hayakuchukua muda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpakato za 4 kwa 3 zilianza kuachia nafasi zile za 16 kwa 10. Kuanzia kama mwaka 2008, 16 kwa 10 nazo zikaanza kuondolewa na 16 kwa 9, umbo la televisheni mpya, na ndani ya miaka michache karibu kila duka likawa na umbo moja. Apple peke yao, kati ya wakubwa, walishikilia 16 kwa 10 kwenye MacBook Pro. Viwanda vilivyokuwa vinakata vioo vya televisheni vikakata na vya kompyuta kwa umbo lile lile. Ikawa rahisi, ikawa nafuu, na kwa kweli bei ya mashine ikashuka. Sisemi kulikuwa na njama.

Hadithi ya pili naipenda zaidi, maana ina falsafa ndani yake. Umbo la 16 kwa 9 lilitoka wapi? Miaka ya 1980, wahandisi wa filamu na televisheni wa Marekani, katika chama chao cha SMPTE, walikuwa wanatafuta umbo la televisheni ya kesho. Mmoja wao, Kerns Powers, alichukua maumbo yaliyokuwa yanatumika wakati ule, kuanzia la televisheni ya kawaida hadi lile pana kabisa la sinema. Akayachora kama mistatili yenye eneo sawa, akayapanga juu ya kituo kimoja. Akaona kwamba yote yanaingia ndani ya mstatili mmoja wenye uwiano wa karibu 1.78 kwa 1. Hiyo ndiyo 16 kwa 9.

Elewa maana yake. Hakuna sinema iliyokuwa inapigwa kwa umbo hilo wakati ule. Hakuna aliyelipenda kuliko mengine. Lilichaguliwa kwa sababu lingeweza kubeba maumbo yote ya wengine bila kumuudhi sana yeyote. Ni umbo la suluhu, kama kiti cha mkutanoni: hakuna anayekaa vizuri, hakuna anayeanguka. Na katika suluhu hiyo, watu wa sinema walikuwepo na watu wa televisheni walikuwepo. Watu wa ukurasa hawakuwepo, wala hakukuwa na sababu ya kuwaita, maana ilikuwa ni televisheni. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, suluhu ile ikaingia kwenye meza yangu na kunikuta na mswada wa mama wa watu.

Baada ya simu ile niliamua kununua mashine nyingine. Nilikuwa nimeweka akiba milioni mbili na laki tatu. Nikaenda Kariakoo.

Lazima nieleze kwamba mimi nina kazi mbili. Mchana nahariri. Usiku, na hasa wikiendi, mimi na mpwa wangu wa kike tunatengeneza katuni za ngano alizotusimulia bibi yake, ambaye ni mama yangu mzazi. Mpwa anachora wahusika, mimi nawapa mwendo kwa Blender, programu ambayo haina malipo. Kisicho bure ni muda. Sekunde moja ya katuni ni picha 24, kwa hiyo dakika moja ni picha 1,440, na kila picha kompyuta inabidi iikokotoe: mwanga unaangukia wapi, kivuli cha sungura kinafika wapi. Mpakato wangu wa zamani haukuwa na kadi ya grafiki ya kujitegemea. Picha moja ilichukua kama dakika mbili. Piga hesabu: saa 48 kwa dakika moja ya hadithi, feni ikilia usiku kucha kama mtu mwenye pumu, na umeme ukikatika unaanza upya pale ulipoishia.

Kwa hiyo mahitaji yangu yalikuwa mawili tu: kioo kinachosimama kidogo, na nguvu ya grafiki. Nikaingia kwenye duka la kijana mmoja. Akanikaribisha kwa bashasha: "Karibu kaka. Kazi au gemu?"

Nikamuuliza anamaanisha nini. Akanionyesha kwa mikono. Kulia kwake, mashine za kazi: nyembamba, za kijivu, na baadhi yake, nikafurahi kuona, zilikuwa na vioo vya 16 kwa 10 na hata 3 kwa 2. Grafiki zake ni zile zilizomo ndani ya prosesa, za kufungulia barua pepe na kutazama video. Kushoto kwake, mashine za gemu: nene, zina taa nyekundu kwenye kibodi, ndani zina kadi za kufaa kabisa kwa katuni zetu. Vioo vyote 16 kwa 9, vimelala.

Nikamwambia nataka ya katikati. Kioo cha upande huu, nguvu ya upande ule.

Akacheka, siyo kwa dharau. "Kaka, mshika mawili moja humponyoka."

Nikamuuliza kwa nini haleti. Akanijibu kwa uungwana, na jibu lake lilikuwa sahihi: "Mzigo wangu unatoka Dubai. Mimi napokea zilizotumika, ambazo maofisi ya wenzetu yameshachoka nazo. Wao wakinunua za kazi, mimi napata za kazi. Vijana wao wakinunua za gemu, napata za gemu. Hiyo yako wewe hawajainunua wengi. Nitaitoa wapi?"

Nilisimama pale nikiangalia rafu mbili zile, na nikaona kwamba nilikuwa nimekuja kuchagua kitu ambacho kilishachaguliwa mara tatu kabla yangu. Kwanza na kiwanda, kilichoamua kwamba mtu anayesoma hahitaji grafiki na anayehitaji grafiki hasomi. Pili na mnunuzi wa kwanza wa ng'ambo, ambaye mashine hii ilimfaa au alikubali imfae. Tatu na mwenye duka, ambaye hawezi kulaza fedha yake kwenye kitu kisichotoka. Mimi nilikuwa mtu wa nne kwenye foleni. Mashine zilikuwa nyingi, lakini maswali yalikuwa mawili tu: wewe ni mtu wa ofisi au mtu wa gemu?

Mtu anaweza kusema ni sheria ya maumbile: kadi ya grafiki inatoa joto, inahitaji feni, inahitaji mwili mnene na chaja nzito, basi haiwezi kukaa na kioo kizuri cha kusomea. Joto ni kweli. Lakini joto halijui umbo la kioo. Mwaka 2006 Lenovo walikuwa wanauza ThinkPad T60p, ambayo ungeweza kuipata na kioo cha inchi 15, umbo la 4 kwa 3, pikseli 1600 kwa 1200, na ndani ina kadi ya grafiki ya ATI iliyokusudiwa wahandisi na wachoraji wa ramani. Microsoft walitoa Surface Book mwaka 2015, kioo cha 3 kwa 2, na baadhi yake zikiwa na kadi ya grafiki ya kujitegemea. Kuanzia mwaka 2021 hata mashine za gemu zimeanza kurudi kwenye 16 kwa 10. Kwa hiyo mawili yameshikika, na yanashikika tena, kwa mwenye fedha ya kununua mapya. Kinachotutenganisha nayo ni bei, na miaka michache ya kusubiri mpaka wenzetu wachoke nayo.

Ndiyo maana nilianza kuzikasirikia methali. Ukizihesabu, lugha yetu ina msimamo mkali dhidi ya mtu anayechagua. Mshika mawili moja humponyoka. Mchagua nazi hupata koroma. Na ile kubwa kuliko zote: mchagua jembe si mkulima. Kama vile wahenga walikaa kikao wakakubaliana kwamba anayeuliza sana dukani ni mvivu anayekwepa shamba.

Lakini hebu tulirudie lile jembe. Nimelima, si sana, ila utotoni likizo zote zilikuwa za shamba. Jembe linaponunuliwa dukani ni bapa la chuma tu. Mpini haumo. Mpini unaukata mwenyewe porini, mti unaoujua, unauchonga kwa kimo chako na kwa mkono wako. Mrefu wa kwake, mfupi wa kwake. Mama yangu alikuwa na jembe ambalo sisi watoto tukilishika tulikuwa tunaona halijakaa sawa, kwa sababu lilikuwa limemkaa yeye. Wahenga waliweza kusema usichague jembe kwa kuwa jembe lenyewe lilikuwa limekuachia nafasi ya kuchagua pale panapogusa mwili wako. Methali ile ilikuwa ya haki katika ulimwengu ambao chuma ni cha dukani na mpini ni wa kwako.

Mpakato unauzwa na mpini wake. Umeunganishwa, umegundishwa. Kioo ni hicho, kadi ya grafiki imechomelewa kwenye bodi, na ukitaka kimoja kibadilike unaambiwa nunua kingine kizima. Kwa hiyo ninapokataa jembe la namna hiyo sikwepi shamba. Ninauliza tu mpini wangu uko wapi.

Mpaka hapo nilijiona nimeshinda kesi. Nikamsimulia mpwa wangu, kwa fahari kidogo. Ana miaka kumi na sita. Akanisikiliza huku anaandika kitu kwenye simu, kisha akasema, "Lakini mjomba, mimi insha zangu zote naandika kwenye simu."

Ni kweli, na si yeye peke yake. Nawafahamu wanafunzi wa chuo walioandika utafiti wao mzima kwa vidole gumba. Mbele yao, mtu mwenye milioni mbili na laki tatu anayenung'unika kuhusu uwiano wa kioo ni kama mtu anayelalamika wali una mafuta mengi mbele ya aliyelala na njaa. (Tena kioo cha simu yake kinasimama wima kama ukurasa. Hilo sikumwambia, ningekuwa nachokoza.)

Nililitafakari pingamizi lake kwa siku kadhaa, kwa sababu ni zito. Nilichofikia ni hiki. Ana haki ya kunitaka nione aibu, lakini hana sababu ya kunitaka ninyamaze. Maana yeye na mimi tuna tatizo la aina moja kwa vipimo tofauti. Yeye anaandikia simu kwa kuwa kuna mtu aliamua kwamba mtu kama yeye ni wa kutazama na kubofya. Mimi nasomea kijidirisha kwa kuwa kuna mtu aliamua kwamba mtu kama mimi ni wa filamu. Wote tumepewa chombo chenye wazo ndani yake kuhusu sisi ni nani. Tukizoea, tunafanana nalo. Mimi mwenyewe niliona sentensi zangu zinafupika na aya zangu zinapungua, na nikaita mtindo. Labda ni mtindo. Labda ni mistari kumi na saba.

Hilo ndilo linalonitia hofu katika machaguo haya yanayofanana, kuliko kukosa nilichokitaka. Kukosa ni kawaida, binadamu amekosa tangu aumbwe. Hofu yangu ni kukubali, halafu baada ya muda kuapa kwamba nilichagua mwenyewe. Siku ile Kariakoo, kama yule kijana angenisukuma kidogo tu, ningejibu "gemu" au ningejibu "kazi", na jibu hilo lingekuwa uamuzi kuhusu maisha yangu. Ningeacha uhariri au ningeacha ngano za mama. Na kama ungeniuliza miaka mitano baadaye kwa nini niliacha katuni, ningekwambia muda haukutosha.

Sasa nirudi kwa mbaazi na jua, maana nilianza na deni.

Nadhani tumechanganya maneno mawili. Kuna kisingizio na kuna dai, na yote mawili yanaweza kubeba ukweli ule ule, neno kwa neno. "Kioo ni kifupi." Nikimwambia hivyo mama aliyepoteza fedha zake, ili mzigo utoke begani kwangu, ni kisingizio, hata kama kila pikseli niliyoihesabu ni sahihi. Nikimwambia hivyo mwenye kiwanda, au mwenye duka, au wewe msomaji, ili kesho kitu kibadilike, ni dai. Kisingizio hukutana na mtu aliyeumia kikamkimbia. Dai linamtafuta mwenye uwezo wa kurekebisha. Nilikuwa na dai halali mkononi, nikalipeleka kwa mtu asiyehusika, likaharibikia njiani.

Na kuna kipimo kimoja cha kujua ni lipi: je, nilifanya kilichokuwa ndani ya uwezo wangu? Nikijijibu kwa haki, hapana. Ningeweza kuichapisha sura ile kwenye karatasi. Kurasa kumi na mbili, katika stesheni ya mtaani, hazifiki hata bei ya chakula cha mchana. Wahariri wa zamani walifanya hivyo kila siku. Nilijua kwamba kioo changu kinanikata macho, nilikuwa nalalamika juu yake kwa marafiki kila wiki, na kwa kuwa nilijua, wajibu wangu ulikuwa mkubwa zaidi, siyo mdogo. Mbaazi haiwezi kusogea kutafuta kivuli. Mimi nina miguu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni kwamba kosa lilikuwa langu, na kioo kilikuwa kibaya, na la pili halipunguzi la kwanza. Na la kwanza pia halifuti la pili. Hapo ndipo methali ya mama ilipoishia. Kama nimekiri kwamba sikutoa maua, bado inaruhusiwa kusema kwamba jua ni kali.

Kule Kariakoo mwishowe nilinunua ya gemu. Kioo kimelala, pikseli 1920 kwa 1080, taa nyekundu nimezizima. Picha moja ya katuni sasa inachukua sekunde sita au saba, na mpwa wangu ameshaanza kudai sungura awe na manyoya. Kwa ajili ya ukurasa, nilizunguka nyuma ya duka lile lile, ambako kijana alikuwa amerundika monita za zamani za mraba zilizotoka maofisini, zile za inchi 19 zenye umbo la 5 kwa 4. Hakuna anayezitaka. Nilimlipa elfu themanini. Nilipofika nyumbani nikachukua rula: kimo chake ni sentimita 30. Karatasi ya A4 ina kimo cha sentimita 29.7. Yaani ukurasa mzima unasimama pale kwa ukubwa wake halisi, kama umeubandika ukutani. Kioo bora kabisa cha kusomea nilichowahi kumiliki nilikitoa kwenye rundo la takataka za watu.

Huo ndio mpini wangu. Una kasoro zake. Haubebeki, unakaa mezani kama jiwe, na umeme ukikatika unazimika papo hapo, nabaki na kile kioo cha kulala chenye betri yake ya saa mbili. Usiku wa namna hiyo sihariri. Nimeweka sheria. Wapo sasa, Framework, wanaouza mpakato wa inchi 16 ambao kadi yake ya grafiki inachomolewa na kuchomekwa kwa nyuma kama droo. Sijauona dukani kwetu. Nausubiri kwenye mzigo wa Dubai, nikiwa mtu wa nne kwenye foleni, kama kawaida.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mwandishi wangu na bahasha ya vikaratasi vya masahihisho. Nilikuwa nimevichapisha kwa gharama yangu, sentensi mbili tu, za kubandika kwenye ukurasa wa 187. Zilikuwa zimebaki nakala 211. Nilimwamkia, nikamwambia kabla sijakaa: "Mama, kosa lile lilikuwa langu. Sikuisoma sura ile kama ilivyostahili." Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuleta gundi. Tulikaa barazani tukibandika mpaka karibu na magharibi, yeye anafungua, mimi nabandika.

Tulipofika kama nakala ya mia, bila kuinua macho, akaniuliza, "Na kile kioo chako kifupi, hivi umekibadilisha?"

Nikamwambia ndiyo, mama. Nikaanza kumweleza.